Msiyamwage maji ya dialisisi

Wadogo zangu, juzi nimeletewa grafu ya SAXS (mtawanyiko wa eksirei kwa pembe ndogo) ya mashine yetu, na upande wa q kubwa, yaani wa pembe kubwa zaidi, imezama chini ya sifuri. Nikauliza bafa, kile kimiminika kinachobeba sampuli na ambacho ishara yake tunaitoa kwenye data, imetoka wapi. "Tumechanganya mpya, vipimo vilevile." Moyo ulinipiga, maana jibu hilo niliwahi kulitoa mimi. Mwezi ujao mnakwenda sinkrotroni, ule mtambo mkubwa wa eksirei kali, kwa hiyo nisikilizeni.

1. Bafa ya kutoa kwenye data itoke kwenye bika lilelile la dialisisi, yaani lile ambamo mfuko wa sampuli uliloweshwa hadi ndani na nje vikalingana. Nilikuwa na liposomu (vipovu vidogo vya lipidi) za DPPC, aina moja ya lipidi, kwenye bafa yenye sukrosi, miligramu 5 za lipidi kwa mililita. Dialisisi ililala usiku kucha. Asubuhi nikatoa mfuko, nikajaza tyubu, kisha lita 2 za maji yale nikazimwaga kwenye sinki na kulisugua bika hadi likang'aa. Kule sinkrotroni tulipewa saa 24, nami nikapima bafa niliyoichanganya upya. Sukrosi ilizidi kidogo tu, lakini lipidi ikiwa chache namna ile, ishara yake upande wa q kubwa imeinuka kiduchu juu ya maji, na kosa dogo la bafa linaimeza yote. Saa tisa usiku nikatoa bafa kwenye sampuli ya kwanza: hasi. Ya pili: hasi. Nikaizidisha bafa kwa 0.97, mstari ukapanda, nikapumua. Mkubwa wetu akauliza, "Hiyo 0.97 umeipata wapi?" Sikuwa na la kusema. Unene wa tabaka pacha la lipidi, ukuta wa liposomu, ambao ndio ulitupeleka kule, unasomwa hapo hapo nilipoharibu. Zamu nyingine tuliingoja miezi saba. Dada aliyeandaa lipidi zile kwa wiki tatu hakunigombeza. Alikaa kimya kwenye treni hadi tukafika nyumbani.

Jazeni chupa ya mililita 50, andikeni namba ya sampuli, isafiri kwenye boksi moja nayo.

2. DLS (kupima ukubwa wa chembe kwa mtawanyiko wa mwanga) kwanza, kila siku. Chembe ndogo ikikua mara 10 kwa kipenyo, hutawanya mwanga mara milioni moja, kwa hiyo vumbi kidogo tu litawadanganya kwamba liposomu zimeshikamana.

3. FTIR (kipimo cha mwanga wa infraredi) ya protini na lipidi: tumieni D2O, yaani maji mazito, maana maji ya kawaida yanafunika amidi I, mstari mkuu wa protini. Na pasheni DPPC kupita nyuzi 41, pale minyororo yake inapolegea, mwone mstari wa CH2 wa 2850 cm⁻¹ ukipanda. Ni raha kuuona.

4. Vilele viwili vya grafu ya SAXS havitoshi kutangaza kyubiki, mpangilio wa lipidi wenye umbo la mchemraba. Aina yake ya Pn3m ina vilele ambavyo q zake zinaanza kwa uwiano wa √2, √3, √4, √6, vitafuteni vyote. Najua mna haraka, lakini dawa zinazobebwa na lipidi zinakwenda kwenye mishipa ya watu, kama amfoterisini ya liposomu kwa wagonjwa wa kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi.

Kijana wa grafu ile alikimbilia maabara kabla sijamaliza. Bika lilikuwa bado chini ya meza, limefunikwa foili. Leo asubuhi nimemkuta akilibandika lebo.