Klachi inateleza, nikaze tena waya?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni bodaboda wa Muheza, napakia machungwa na abiria wa Amani. Pikipiki yangu ni cc 150. Wiki mbili hizi nikianza kupanda mlima, injini inalia sana lakini mwendo hauongezeki. Fundi wa kijiweni kwetu amekaza waya wa klachi mara mbili, na kila akikaza inazidi kuteleza. Sasa anasema pleti zimekwisha, ninunue mpya. Kabla sijagusa hela ya ada ya mtoto, nikaze tena au nifungue injini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikaze. Legeza, tena leo, kabla hujapakia gunia hata moja.

Pleti za klachi zimepangwa kama chapati kwenye hotipoti, na springi ndizo kiganja kinachozikandamiza zishikane. Ukiminya mkono wa klachi, waya unakiinua kile kiganja, pleti zinaachana. Sasa waya ukikazwa mpaka mkono hauchezi hata kidogo, ni kama umeminya klachi nusu kutwa nzima. Pleti hazishikani barabara, zinasuguana, zinapata moto, na mlima wa Amani unazimalizia. Kukaza ni dawa ya ugonjwa mwingine kabisa: gia kuingia kwa kelele, frii kukataa kupatikana, au pikipiki kutambaa na huku umeminya klachi.

Nalisema kwa uchungu maana nimelitenda. Nilipokuwa najifunza kazi hapa Ngamiani, Tanga mjini, nilimkazia waya mzee mmoja aliyekuwa akileta samaki kutoka Pangani. Siku ya tatu alirudi anaisukuma. Tulipofungua, pleti nyeusi, oili inanuka kuungua. Mzee akanunua pleti kwa pesa yake, nami nikanyamaza. Kule kunyamaza najutia mpaka leo.

Ifanye kazi hii asubuhi, injini ikiwa baridi. Vuta raba ya pale kwenye mkono, legeza nati ya kufungia, halafu zungusha kirekebishio kiingie ndani. Kikiisha njia na mkono bado umekaza, shuka chini waya unapoingia kwenye injini, ulegeze zile nati mbili za kwenye breketi. Unachotafuta ni ncha ya mkono icheze milimita 10 mpaka 20 kabla hujaanza kuhisi uzito wa springi. Ukiridhika, funga nati zote. Kisha geuza usukani kushoto mpaka mwisho, na kulia mpaka mwisho. Mchezo ukipungua upande mmoja, waya umebanwa mahali. Ufuate kwa mkono mpaka upaone. Washa, minya klachi, tia gia ya kwanza pahali tambarare: isitambae.

Halafu nenda barabarani bila mzigo. Ukiwa gia ya nne, mwendo wa wastani, piga resi. Injini ikipanda na mwendo ukapanda nayo, umepona. Ikilia peke yake na mchezo upo sawa, hapo yule fundi ana haki: pleti zimeungua au springi zimechoka. Badilisha zote pamoja, na pleti mpya zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa.

Lakini kuna jambo hukuniambia: oili gani umetia? Klachi yako inaoga oili ileile ya injini. Oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na kazi ya pleti ni kushikana kwa msuguano. Tazama kopo limeandikwa JASO MA au MA2, ndiyo alama ya oili inayofaa klachi ya namna hii. Kama halina, mwaga hiyo oili kwanza, utie yenye alama hiyo, ujaribu tena, ndipo useme habari ya pleti.

Na ukipanda na mzigo, vidole vyako vitoke kwenye mkono wa klachi. Vijana wengi wanaviegesha pale bila kujijua. Mlima ukikushinda, shusha gia, usiushikilie kwa nusu klachi.

Ukiwa umefungua hapo juu, kitazame kichwa cha waya kwa makini. Uzi mmoja tu ukiwa umekatika, nunua waya mpya siku hiyohiyo. Sisi wa karibu na bahari tunaukuta umeliwa na kutu ndani kwa ndani, na nje bado unang'aa.