Jihadhari na mstari unaokuja haraka

Daktari alituita watu wanne kwenye kijichumba chenye viti vitatu: mimi, kaka yangu, mdogo wetu wa kike na shangazi. Baba alikuwa na siku ya kumi na moja kwenye mashine ya kupumulia. Daktari akatueleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi, kwamba figo zimeshindwa, ubongo hauitiki, na mashine ile haimponyi baba, inamchelewesha tu. Tufikiri, tumwambie. Akatoka.

Mlango haujafunga vizuri, mimi tayari nina jibu. "Usiue." Kutoka 20:13. Nililitamka kama mchezaji anayeangusha karata yake ya mwisho mezani. Nimefundisha vijana kanisani miaka tisa, mistari ninayo. Kaka akanigeukia: "Kwa hiyo mimi ni muuaji?" Kumbe yeye alikuwa ameshaegemea upande wa pili, na mstari wake anao, ule wa Mhubiri, wakati wa kuzaliwa na wakati wa kufa. Tukaanza kurushiana maandiko pale pale, mdogo wetu analia katikati. Shangazi akasema, "Nyamazeni nyote wawili. Hapa hakuna mtihani."

Ilinichukua muda mrefu kukiri kilichokuwa kimetokea. Ule mstari haukunijia haraka kwa sababu ya imani. Ulinijia haraka kwa sababu ya hofu. Nilikuwa na miezi saba sijamtembelea baba, nikimwambia kwenye simu kila Jumapili kwamba wiki ijayo nakuja. Mashine ikizimwa, hiyo wiki ijayo haipo tena. Sikuwa nalinda uhai wake, nilikuwa naomba nyongeza ya muda kwa ajili yangu, na nimeivika amri ya Mungu juu yake ili asiwepo wa kunipinga.

Basi ushauri wangu, kwa yeyote anayetaka kufikiri Kikristo juu ya maswali magumu ya siku hizi, ni huo ulio kwenye kichwa cha habari. Mstari ukikujia upesi mno, na ukawa unakubaliana kabisa na ulichokuwa unakitaka tangu asubuhi, uweke chini kwanza. Si kwamba mstari ni mbaya. Wewe ndiye wa kutazamwa.

Tuuangalie msingi wenyewe. Ukiuliza maadili ya Kikristo yamesimama juu ya nini, wengi watakuonyesha Amri Kumi, na hawajakosea. Lakini fungua uone zinavyoanza. Hazianzi na katazo. Zinaanza na Mungu kujitambulisha: "Mimi ni Bwana, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Watu wametolewa kwanza, ndipo wakaambiwa namna ya kuishi. Hawakupewa amri wakiwa bado Misri, kwamba wakizishika vizuri watafunguliwa. Mimi nilizikariri zote kumi utotoni bila utangulizi huo, na nadhani wengi wetu tulifanya hivyo.

Yesu naye alipoulizwa amri iliyo kuu hakubuni jipya. Alichukua moja kutoka Kumbukumbu la Torati, ya kumpenda Mungu kwa moyo wote, akaiambatanisha na nyingine kutoka Mambo ya Walawi, ya kumpenda jirani kama nafsi yako, akasema torati yote na manabii hutegemea hizo mbili. Hutegemea, yaani zimening'inia hapo. Ukiung'oa msumari huo, kila kilichotundikwa kinaanguka, pamoja na ule mstari ulioushika mkononi.

Kuna kitabu kimoja kinachonitisha kila nikikikumbuka. Mwaka 1807, mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara ya watumwa, zilichapishwa London sehemu teule za Biblia kwa ajili ya kuwafundishia watumwa wa makoloni ya Uingereza huko Karibi. Sehemu kubwa ya Agano la Kale haimo. Musa kuwatoa Waisraeli utumwani, haimo. Wagalatia 3:28, kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala huru, haimo. Lakini Waefeso 6:5, watumwa watiini mabwana zenu, imo. Waliokitengeneza hawakuandika uongo hata neno moja. Walichagua tu. Amri ikabaki, ukombozi ukaondolewa.

Nikikumbuka kile kijichumba cha hospitali najiona nami nina mkasi wangu.

Turudi huko. Shangazi aliuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa ameliuliza: "Baba yenu mwenyewe alisemaje?" Tukatulia. Mdogo wetu akakumbuka kwamba mama alipokuwa anaugua, baba alimwambia, tena zaidi ya mara moja, kwamba yeye siku yake ikifika asifungwe kamba. Neno lake hasa: asifungwe kamba. Mimi sikuwahi kulisikia, kwa sababu miezi ile ya ugonjwa wa mama pia sikuwa karibu.

Kitu kingine kilichonisaidia nilikitafuta usiku huo kwenye simu, nimekaa sakafuni kwenye korido. Niliona kwamba Wakristo wamelipigia swali hili bongo kwa karne nyingi, na mimi mwalimu wa vijana sijui. Francisco de Vitoria, mtawa wa Kidominiko aliyefundisha Salamanca, Hispania, katika karne ya 16, alisema mgonjwa anawajibika kula ili aishi, lakini halazimiki kutafuta vyakula vya gharama kubwa hata kama vingemrefushia maisha. Hapo ndipo ilipokulia tofauti kati ya njia za kawaida za kulinda uhai, ambazo ni wajibu, na njia zilizopita kawaida, ambazo mtu anaweza kuzikataa bila dhambi. Novemba 1957 Papa Pius wa 12 aliulizwa na madaktari wa usingizi juu ya mashine hizi hizi za kupumulia, akajibu kwa tofauti hiyo hiyo. Mimi si Mkatoliki, na kwetu hatuna desturi ya kuuliza Papa alisemaje. Usiku ule sikujali.

Tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Kumchoma mtu sindano ili afe ni jambo moja. Kuacha kulizuia jambo ambalo mwili wenyewe umeshalimaliza ni jambo jingine. Nia si moja, kinachomuua si kimoja, na hata mikono ya wanaomzunguka haifanyi kitu kimoja. Wapo wanaosema matokeo ni yale yale, mtu amekufa. Nawaelewa. Lakini kama matokeo ndiyo kila kitu, basi daktari aliyeshindwa na daktari aliyeua hawana tofauti, na hakuna anayeishi kwa hesabu hiyo.

Mwanzo 1:27 inasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na inalisema hilo kabla mtu huyo hajafanya kazi yoyote wala kujibu swali lolote. Kwa hiyo baba asiyeitika alikuwa bado na heshima yake yote. Nililiona hilo kwa muuguzi mmoja aliyekuwa akija kumgeuza. Kila mara, kabla hajamshika, alimwambia kwa sauti ya kawaida, "Mzee, nakugeuza upande wa kushoto sasa." Anamwambia mtu ambaye daktari amesema hasikii. Nilifundisha sura ya Mungu miaka tisa kwa ubao na chaki, sijawahi kuifundisha vizuri kama yule muuguzi.

Kwa sababu hiyo nawaogopa wanaozungumzia wagonjwa wa namna ile kama mzigo, na hofu hiyo haijanitoka. Ila heshima hiyo hiyo ndiyo iliyokataa baba afungwe kamba ili mimi nipate nafuu.

Mashine ilizimwa saa kumi jioni. Alipumua mwenyewe mpaka karibu na alfajiri. Kaka na mimi tulikaa kila mtu upande wake wa kitanda.

Sasa, si kila swali la maadili linakuja na daktari na chumba cha wagonjwa mahututi. Mengi yanakuja mfukoni, yanatetemesha simu. Miaka miwili baada ya msiba nilipokea ujumbe kuhusu dada mmoja tunayefanya naye kazi, kwamba amesimamishwa kwa ajili ya fedha. Nikautuma kwenye kundi letu la maombi, na juu yake nikaandika: "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu katika maombi." Watu ishirini na kitu wakaomba. Wengine waliomba hadharani, kwa kirefu, wakimtaja jina.

Hakuwa amesimamishwa. Alikuwa likizo.

Amri ya kutomshuhudia jirani uongo (kwetu ni ya tisa, Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya nane) nilikuwa nikiifundisha kama habari ya mahakamani: hakimu, shahidi, kiapo. Sikuwahi kufikiri kwamba kidole gumba kinatosha. Tena sikudanganya, kwa maana ya kawaida. Niliamini ninachotuma. Ndiyo maana nasema kwamba maswali ya kisasa mara nyingi si mapya, yameongezewa kasi tu. Zamani umbeya ulihitaji utembee mpaka nyumba ya pili, na njiani unapata nafasi ya kujiuliza. Sasa ile njia haipo, na hicho ndicho tulichopoteza.

Dawa ipo Mathayo 18, na inachosha: ukikosewa na ndugu yako, enenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Peke yenu! Kama nina jambo na mtu, au nimesikia jambo la mtu, mlango wa kwanza ni wake. Tangu siku ile nimejiwekea sharti kwamba siombei habari za mtu kwenye kundi kabla sijamuuliza mwenyewe kama anataka kuombewa. Nusu ya maombi yangu ya kikundi yamekufa kwa sharti hilo. Sijayakosa.

Watu huniuliza mengine: utungishaji wa mimba nje ya mwili, akili mnemba, mikopo ya mtandaoni. Siyajui yote, na mchungaji anayeyajua yote mimi humkimbia. Hata kwenye jambo dogo kama uongo Wakristo hawajakubaliana. Agostino (354–430), mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, alisema uongo haufai hata kwa kuokoa mtu, halafu akakutana na wakunga wa Kutoka sura ya kwanza, Shifra na Pua, waliomdanganya Farao na Mungu akawatendea mema. Akajibu kwamba walilipwa kwa huruma yao, si kwa uongo wao. Mimi jibu hilo naliona limejikunja sana. Lakini angalia wakunga wenyewe: uongo wao uliwaweka wao hatarini ili watoto wa wengine wapone. Uongo wangu mwingi umefanya kinyume cha hapo. Kwa hiyo ukiniletea swali lako, nitakuuliza kwanza nani yumo ndani ya jambo hili ambaye hawezi kujisemea, na jibu unalolipenda linamgharimu nani. Kama halikugharimu wewe hata kidogo, nitakuomba ukalale nalo kwanza.

Kwa yule dada nilikwenda. Nilisimama mlangoni pa ofisi yake na maneno niliyoyafanyia mazoezi, yakanitoka yote vibaya. Aliacha kuandika, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimeshaandika hayo kwenye kundi, walikosoma wale ishirini. Nilikuwa sijaandika. Nilitaka kuanza na yeye, kwa kufuata Mathayo 18, na nilijisikia nimetimiza. Akaniambia, "Kaandike." Nikaandika pale pale, nimesimama. Akasubiri mpaka simu yake nayo ikalia, maana alikuwa kwenye kundi lile siku zote, akasoma, akaiweka kifudifudi mezani, akaendelea na kazi yake.

Hunisalimia. Si kila siku.