Jiwe la kumbukumbu la askari wetu

SWALI: Baba mdogo alifia Vita vya Kagera mwaka 1979 akiwa kijana, akazikwa mbali. Bibi anataka jiwe lenye jina lake hapa nyumbani Tabora. Tulilomwaga mwanzo lilipasuka, na rangi ya maandishi ikabanduka. Tufanyeje?

JIBU: Poleni sana. Msipake rangi tena, herufi zichongwe.

Tengenezeni fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 40, kina 7, mkaipake mafuta. Kwa ndoo ya lita 5, pimeni saruji 1, mchanga safi 2, kokoto ndogo 3, na maji kama lita 3 na nusu. Huenda la kwanza liliharibiwa na maji mengi, au jua. Laza wavu wa waya katikati. Zege likishikana, lakini kucha bado inaacha alama, andikeni kwa msumari: herufi za sentimita 3, kina milimita 5. Kisha lifunikeni kwa gunia bichi siku 7, likimwagiwa maji asubuhi na jioni. Jua la Tabora halina huruma.

Anzeni na jina kamili, kama bibi anavyolitamka, halafu cheo, namba ya jeshi, miaka. Herufi iliyokosewa kwenye zege haifutiki, kwa hiyo bibi asomewe kwanza. Tarehe ichukueni kwenye barua ya jeshi. Kama haipo, mwaka unatosha.

Likiwahi kukamilika, lizinduliwe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Na mkijaliwa nauli, mpelekeni bibi Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hiyo.