Kuishi kwa kuuza vitu vya mikono: pima masaa yako kwanza

Mkuu umeuliza kama mtu anaweza kuacha kazi akaishi kwa kuuza vitu anavyotengeneza kwa mikono. Inawezekana, mimi huu mwaka wa sita nashona pochi na mikanda ya ngozi na sina kazi nyingine, ila miaka miwili ya kwanza nilikuwa najidanganya tu.

Bei nilikuwa napanga hivi, ngozi, uzi, vifungo, nazidisha mara mbili basi. Wateja wanasifia, mzigo unaisha, mwisho wa mwezi mfukoni hamna kitu. Siku moja nikaweka simu mezani nikapima muda wa pochi moja. Kukata dakika 25, kutoboa 20, kushona saa moja na nusu maana nashona kwa mkono, uzi mmoja sindano mbili (uzi ukikatika sehemu moja mshono haufumuki wote, ndo watu wanachonunulia hicho), halafu kingo, kuzipaka nta na kuzisugua mpaka zing'ae, 40 zingine. Karibu masaa matatu, na hapo sijahesabu kupiga picha, kufunga mzigo na kujibu "mwisho bei gani" za watu ambao hawanunui. Nikagawa faida kwa masaa, nikacheka mwenyewe.

Bei nikapandisha, wengine wakakimbia, sawa. Ila kilichonisaidia zaidi ni kuacha begi kubwa ambalo kila mtu alilipenda, maana lilikuwa linakula siku mbili na hakuna wa kuzilipia. Pochi sasa nakata kumi kwa mpigo, natoboa zote, ndo nakaa kushona. Oda ya kuandika jina sigusi ngozi mpaka nusu iingie, ninazo mbili kabatini mpaka leo zina majina ya watu waliopotea, nani atanunua?

Maduka yakichukua jumla mara nyingi yanataka karibu nusu ya bei ya rejareja, kwa hiyo bei yako ikikatwa nusu usipobaki na kitu, kuuzia maduka bado hujafika. Mali kauli, yaani unaacha mzigo dukani unalipwa ukishauzwa, ndo usiseme, niliacha mikanda 14 kwa mdomo tu, narudi nakuta duka lina mwenyewe mpya na hanijui. Siku hizi karatasi, idadi, bei, tarehe, saini.

Kazi usiiache kwanza. Pima kitu kimoja wiki hii uje useme umepata masaa mangapi.