Faiba imefika ukutani, mama anaogopa shoti

SUALI: Asalaam aleikum. Mie niko Wete, mafundi wametuvutia waya wa faiba, wa intaneti, mpaka ukumbini, sasa mama anaogopa watoto watapigwa shoti. Na kweli unaushinda ule wa shaba?

JAWABU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mwambie mama atulie, ule ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele, ndani hamupiti umeme, unapita mwanga tu unaogonga ukingo wa kioo na kurudi ndani, unagonga tena, hivohivo mpaka ufike, na unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kinachotumia umeme ni kile kiboksi cha ruta, hicho ndo wasikichezee, na ncha ya uzi wasiichungulie maana mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho. Shaba mawimbi yake yanachoka njiani mapema, tena hapa kwetu chumvi ya bahari inaila, kioo hakishiki kutu na kinabeba data nyingi zaidi kwa mbali. Ila tafadhali msiukunje nyuma ya kabati, ukipindwa sana mwanga unavuja, intaneti inazorota.