Sista, Mwanangu Anapasuliwa Wiki Ijayo

Maswali ya upasuaji wa watoto wadogo yamejaa, kwa hiyo wiki hii nayajibu hayo tu. Nimekuwa muuguzi wodi ya watoto hapa Mwanza mpaka nilipostaafu. Nitajibu kama muuguzi. Mambo ya kisu muulizeni mwenye kisu.

Shikamoo sista. Mwanangu wa miaka minne ana ngiri ya kinena upande wa kulia. Tumepangiwa upasuaji Bugando wiki ijayo. Baba yake anasema tumwambie tunakwenda mjini kununua viatu, asije akatusumbua njiani. Wewe unasemaje? Mama, Igoma.

Marahaba, mwanangu. Viatu mtamnunulia akipona. Mkimdanganya atagundua palepale anapowekewa kanula, kile kimrija cha dawa, mkononi, na kuanzia hapo hata ukimwambia sindano zimeisha hatakuamini. Nawe ndiye utakayelala naye, si baba yake. Mtoto anayemwamini mama hulia akichomwa, halafu hunyamaza. Aliyedanganywa huanza kulia kila anapoona gauni la muuguzi mlangoni, hata kama nimeleta shuka tu.

Kwa umri wake mwambie siku moja au mbili kabla. Ukimwambia wiki nzima kabla atakaa na hofu bure. Maneno yawe machache: ule uvimbe daktari atautengeneza, utapewa dawa ulale, hutasikia kitu, ukiamka patauma kidogo na tutakupa dawa ya maumivu. Usimwahidi kwamba haitauma. Usimwahidi pia kwamba utamshika mkono muda wote kabla hujamuuliza muuguzi wa thieta, chumba cha upasuaji. Kuna wanaomruhusu mama kuingia mtoto anapozinduka, kuna wanaomsubirisha nje. Ukiambiwa usubiri nje, mwambie mtoto hivyo hivyo: "Nitakaa kwenye benchi, ukitoka tu utaniona." Kisha ukae kwenye benchi kweli, chai utakunywa baadaye. Beba na kanga uliyolalia, usiifue kwanza. Akiamka na usingizi wa dawa bado umo kichwani, harufu yako humtuliza kuliko maneno.

Na baba yake asije akasema tungoje labda itajirudi. Ngiri ya kinena kwa mtoto haijizibi. Ni njia ndogo iliyotakiwa kufunga karibu na wakati wa kuzaliwa; ikibaki wazi, utumbo unapata pa kuteremkia. Mkiwa bado mnasubiri tarehe, uvimbe ukawa mgumu, haurudi ndani, mtoto analia mfululizo au anatapika, tarehe hiyo isahauni. Nendeni hospitali usiku huohuo, maana utumbo umebanwa na damu inaweza isipite.

Wangu ana mwaka na nusu, kitovu kimetokeza na akilia kinazidi. Jirani kanishauri nikifunge na sarafu. Mama, Nyegezi.

Sarafu rudisha kwenye pochi. Ngiri ya kitovu si sawa na ya kinena. Nyingi hufunga zenyewe mtoto akifika miaka 4 au 5. Sarafu haiharakishi chochote, inachubua ngozi na kuhifadhi jasho. Mwonyeshe daktari aione mara moja, ukae kwa amani. Kikiwa kigumu na kinauma, nenda siku hiyo.

Tulifika hospitali alfajiri, mjukuu wangu akaondolewa kwenye orodha eti kwa sababu nilimpa uji vijiko vichache saa kumi na moja. Huu si ukatili, mtoto kushinda na njaa? Bibi, Buhongwa.

Pole, bibi mwenzangu. Najua mjukuu akilia njaa moyo unakuuma. Lakini aliyemwondoa kwenye orodha alimlinda. Mtu akipewa nusu kaputi, koo halijilindi tena. Kilichomo tumboni kikipanda, kinateremkia kwenye mapafu, na kwa mtoto hilo linaweza kuua. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi namna gani, na maziwa ya ng'ombe pia. Kwa kawaida chakula husimamishwa masaa 6 kabla ya upasuaji, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2. Hospitali yenu ikiwapa muda mwingine, fuateni wa kwao.

Njaa inapunguzika mkijipanga. Usiku muulizeni muuguzi mtoto ni wa ngapi kwenye orodha na mwisho wa kula ni saa ngapi, halafu mwamsheni ale kabla ya muda huo kupita. Asubuhi orodha ikichelewa, msikae kimya. Kaulizeni kama anaweza kupewa maji. Mchungeni na wageni wenye huruma na biskuti mfukoni. Nimeona upasuaji ukiahirishwa kwa sababu ya shangazi.

Kuna mambo mengine ya kusema bila kuulizwa: mafua, kikohozi, homa ya siku chache zilizopita, dawa za kienyeji alizokunywa, na kama kwenye ukoo kuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na mtaalamu wa usingizi akijua mapema humwandaa mtoto kwa namna tofauti: maji ya kutosha, joto, damu pembeni. Hajapimwa? Ombeni apimwe.

Mke wangu ndiye anayelala wodini na mtoto. Mimi nikifika muda wa kuona wagonjwa umekwisha, najiona sina kazi. Na gharama je? Baba, Sengerema.

Kazi unayo, baba, tena kubwa. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hata foleni ya kivuko siyo sababu tena. Mkeo amelala kwenye kiti au ameegesha kichwa ukingoni mwa kitanda cha mtoto. Anaogopa kwenda kuoga asije daktari wa raundi akapita akamkosa. Ongea na muuguzi mkuu wa wodi, mweleze unatoka mbali, omba umpokee kwa saa moja. Mletee chakula cha moto, si soda na keki. Simu yake iwe na chaji na vocha.

Fomu ya ridhaa: mama wa mtoto ana haki ya kuisaini. Usimwache asubiri simu yako wakati utumbo wa mtoto umebanwa. Nasema hivi kwa sababu nimeona akina mama wakishika kalamu wakiogopa wakwe.

Ukiombwa damu, kachangie wewe na ndugu zako. Usikubali mtu akuuzie, damu haiuzwi.

Fedha: sera ya serikali ni kwamba mtoto chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya umma. Bugando ni hospitali ya Kanisa Katoliki inayofanya kazi kwa ubia na serikali, kwa hiyo utaratibu wake usiufananishe na wa Sekou Toure, hospitali ya serikali ya mkoa. Ulizia dirisha la malipo na la bima kabla ya kulazwa, ukiwa na barua ya rufaa mkononi. Huna uwezo? Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema. Wengi huenda siku ya kuruhusiwa, bili imeshafika juu, na kila mtu amekasirika.

Tumerudi Nansio na mtoto wa miaka mitatu, ana kidonda cha ngiri. Mama mkwe anakataza mayai, maharage na samaki, eti vinaleta usaha. Kaka yake anataka kwenda naye ziwani kuoga. Na dawa tumeambiwa kijiko kimoja, kijiko gani? Mama, Ukerewe.

Mama mkwe muheshimu, ila mtoto mpe mayai. Usaha huletwa na vijidudu vya mikono michafu, hauletwi na maharage. Nyama mpya ya kidonda inajengwa kwa protini, na ninyi mmezungukwa na sato na dagaa. Dagaa wasage, changanya kwenye uji. Ongeza matunda na maji ya kunywa asipate choo kigumu, maana akijikamua, kidonda kinauma.

Ziwani hapana. Kidonda kikae kikavu siku za mwanzo kama mlivyoelekezwa, mtoto afutwe kwa kitambaa chenye maji safi. Na hata kidonda kikifunga, kaka mtu ajue kichocho hakisubiri kidonda, kinapenya kwenye ngozi nzima pale pale mnapochota maji.

Usiweke kitu juu ya kidonda. Si majivu, si dawa ya meno, si ule unga wa kapsuli ya rangi mbili unaofunguliwa na kumwagiwa. Unga ule hugandamana na majimaji, juu panaonekana pakavu, chini panachemka.

Dawa ya maumivu: achana na vijiko vya jikoni, havilingani. Nunua bomba la sindano lisilo na sindano, soma ubavuni mwa chupa. Nyingi za paracetamol ya maji zina miligramu 120 katika mililita 5. Kipimo cha juu kwa mara moja ni miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 ni miligramu 180, yaani mililita 7.5. Hakikisha na mfamasia, maana zipo chupa kali zaidi. Kila masaa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Siku mbili za mwanzo mpe kwa saa, usingoje alie. Aspirini usimpe kabisa.

Korodani kuvimba kidogo siku za mwanzo kusikutishe. Kinachotisha ni hiki: homa ya 38 na kuendelea, kidonda kuwa chekundu na cha moto zaidi kila siku, usaha, damu isiyokatika, kutapika tena na tena, tumbo kujaa, kutokojoa nusu siku, kulegea asiamke vizuri. Ukiona mojawapo, nenda hospitali ya wilaya hapo Nansio saa hiyo hiyo. Usingoje meli ya asubuhi kwa sababu tu alipasuliwa Mwanza.

Tangu turudi nyumbani binti yangu anashtuka usiku na amerudia kukojoa kitandani. Je, ni dawa ya usingizi imemwingia kichwani? Mama, Kirumba.

Hapana. Ni hofu, na kwa watoto wengi hupungua ndani ya wiki chache. Usimchape wala usimwaibishe mbele ya ndugu zake. Lala naye, rudisha ratiba ya kawaida. Mwache acheze hospitali: ampige mdoli sindano, amfunge plasta, amwambie pole. Ikizidi mwezi, itaje kliniki.

Wangu ana tonsili, wakwe wanataka akatwe kimeo kwa mzee mmoja anayejua. Mama, Magu.

Usikubali. Mzee huyo hana dawa ya usingizi, hana damu, na wembe wake umepita kwenye makoo mengi. Kimeo si tonsili, na hakisababishi kikohozi. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wakwe waambie sista kakataza, waje wanigombeze mimi.

Mpira lini? Baba, Mabatini.

Kutembea tangu siku ya kwanza. Shule ya awali baada ya wiki hivi, kama haumwi. Mpira, baiskeli na kupanda yale mawe ya nyuma ya nyumba, subirini wiki 3 au 4. Hamtaweza kumzuia kukimbia uani, wala msipoteze nguvu; mzuieni mawe. Na tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi, nendeni hata kama kidonda kimeshafunga.