Jibu: Kwateti za Beethoven, Takács au Alban Berg?
Mkuu umeuliza kwateti 16 za mtunzi Beethoven (muziki wa ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola na chelo) uanze na rekodi za kundi la Takács au la Alban Berg, mi nakwambia chukua Takács. Sauti ipo wazi, chelo unaisikia inavyonguruma kule chini na viola haimezwi na zile fidla mbili. Alban Berg wana seti mbili za rekodi, ya studio na ya laivu Vienna 1989, hiyo ya laivu ina moto kweli ila iache kwa baadae. Halafu usianzie mwanzo, anza na kwateti yenye namba Opus 132, sehemu ya tatu, Beethoven aliiandika 1825 baada ya kuumwa sana, mi naisikilizaga alfajiri hapa Moshi bodaboda hazijaanza kelele na kilele cha Kibo kiko wazi, aisee machozi yanakuja yenyewe.